Chai Isiyo Sukari: Msafiri kama Msomaji

Msafiri anayeongozwa hana tofauti kubwa na msomaji anayesomeshwa matini na mwalimu wake: huona alichoelekezwa kukiona, na aghalabu hudhani kwamba hicho ndicho kilichopo. Siku moja mjini Hangzhou, mashariki mwa Uchina, yatosha kulibainisha jambo hili. Asubuhi wageni hutembezwa kandokando ya Ziwa la Magharibi. Alasiri hupelekwa katika vilima vya Longjing kuonja chai. Kiongozi ndiye fanani, wageni ndio hadhira.

Tuchukue Mnara wa Leifeng. Ule wa asili, uliojengwa katika karne ya 10, uliporomoka mwaka wa 1924. Unaozuriwa sasa ulikamilishwa mwaka wa 2002, nao una lifti. Hapo husimuliwa ngano ya Bai Suzhen, nyoka mweupe aliyejigeuza mwanamke, akaolewa na Xu Xian, kisha akafungiwa chini ya mnara na mtawa Fahai. Mgeni husikitika, hupiga picha, huondoka. Lakini Lu Xun, katika insha yake ya mwaka huohuo wa 1924, aliufurahia mporomoko huo, maadamu kwake mnara ulikuwa gereza la mwanamke asiye na hatia. Kwa mtazamo huu, kuujenga upya si ukarabati mtupu. Ni ufasiri unaopingana na ufasiri mwingine.

Huko Longjing mambo huwa magumu zaidi, kwani hapa msafiri hutakiwa kutoa hukumu. Majani mabichi hukaangwa kwa mkono katika karai la moto ili yasigeuke kuwa meusi, yakabanwa hadi yakawa bapa. Yanayothaminiwa zaidi ni yale yaliyochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili. Hutiwa katika bilauri, yakamiminiwa maji yasiyochemka sana. Hapana maziwa, hapana sukari.

Mkenya aliyelelewa kwa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa huionja na kusema haina ladha. Kauli hiyo yaueleza ulimi wake kuliko inavyoieleza chai. Ndivyo walivyofanya baadhi ya wahakiki waliolipima shairi huru la Kiswahili kwa vina na mizani, wakaliona pungufu hata kabla ya kulisoma.

Hata hivyo, upo upotofu wa pili, nao ni wa hatari zaidi kwa kuwa una adabu. Anayemimina chai ndiye anayeiuza. Mgeni hutabasamu, husifu, hununua pakiti asiyoitaka. Si ajabu kwamba katika Kiswahili neno hili lenye asili ya Kichina limepata pia maana ya hongo: sifa zitolewazo kwa kuchelea kumvunjia mwenyeji heshima nazo ni chai ya aina yake, na uhakiki wetu waijua vyema.

Yapo majani hayohayo, lakini, ambayo huongezewa maji mara ya pili na ya tatu. Kikombe cha kwanza hupambana na mazoea ya mnywaji. Cha pili huanza kujieleza chenyewe. Mhakiki asiyekidharau cha kwanza kwa pupa, wala kukisifu kwa haya, ndiye atakayestahili kuulizwa habari za cha tatu.