Leo Umefika Wapi?

Hapa Saza mtu mzima hakimbii bila sababu. Sisi ni watu wa dhahabu. Wakoloni wa Kiingereza walichimba hapa, wakaondoka, na mpaka leo makarasha yananguruma usiku kucha yakisaga mawe. Ukiona mtu anatimua mbio, basi ama ameiba, ama duara limetitia, ama dhahabu imeonekana mahali na kila mmoja anawahi sehemu ya kuchimba. Lakini kukimbia hivi hivi tu, halafu unarudi ulikotoka mikono mitupu, hiyo ni dalili ya kichaa. Utaulizwa nani anakufukuza, na ukisema hakuna, utaambiwa si utembee basi.

Ndugu msomaji, kama umepita shule zetu unaujua mchakamchaka. Alfajiri, vumbi, nyimbo, kiranja mbele na fimbo ya mwalimu nyuma. Tulikimbia kwa kuwa tumeamriwa. Kidato cha nne kilipokwisha, mchakamchaka nao ukaisha, na sikumwona mwenzangu hata mmoja akiulilia. Mbio zilikuwa mali ya shule, kama madawati. Tukaziacha hukohuko.

Nyumbani kuna mshua. Ujana wake aliumalizia chini ya maduara akipasua miamba kwa tindo na nyundo, pasipo kitu cha kuziba pua isipokuwa kitambaa. Vumbi la mawe yale ni laini kuliko unga. Likishaingia mapafuni halitoki, linaacha makovu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Siku hizi kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Mchana mimi nabeba viroba vya mawe karashani, usiku naandika riwaya yangu kwenye madaftari, yeye anakohoa upande wa pili wa ukuta.

Basi usiku mmoja riwaya ikanigomea, sura ya tatu. Mhusika wangu alikuwa amesimama mlangoni wiki nzima, haingii, hatoki. Kulipopambazuka nikatoka nje, nikajikuta naifuata barabara ya kwenda Mkwajuni nikikimbia. Sikufika mbali. Kwenye nyumba za mwisho pumzi ilikata, kichomi kikanishika ubavuni, nikainama nimeshika magoti. Kesho yake nikatoka tena, kwa ubishi tu.

Jambo nililojifunza ni dogo, na ningependa kila anayeanza alijue. Wengi tunashindwa kwa kuwa tunaanza kana kwamba tunafukuzwa kweli. Kimbia polepole, kiasi cha kuweza kuongea na mtu wa pembeni sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, tembea. Pumzi ikirudi, kimbia tena. Dakika moja ya mbio, mbili za kutembea, hakuna aibu hapo. Moyo na mapafu huzoea mapema, ila kano na mifupa huchelewa, kwa hiyo umbali usiuongeze kwa pupa. Baada ya majuma kadhaa nikazipita nyumba za mwisho, nikaingia kwenye miombo, na pumzi ilikuwa bado yangu. Jua halijaanza kuunguza, makarasha yanasikika kwa mbali, miguu inajua kazi yake. Sikuambiwa na mtu nikimbie. Hapo ndipo nilipozipenda.

Kijiweni washikaji wakaanza kuniita Simbu. Siwalaumu. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia kilomita 42 na ushee, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa bingwa wa dunia. Mshua yeye ni mtu wa Filbert Bayi, aliyeongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho kule Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia. Mimi wangu ni John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho mwaka 1968 kule Mexico, goti limefungwa bendeji, saa nzima na zaidi baada ya mshindi. Mtu anayeandika riwaya karashani anamwelewa sana Akhwari.

Ila lilikuwepo jambo lililonikwaza. Niliona haya kukimbia mbele ya mtu asiye na pumzi. Nilikuwa natoka kimyakimya na kurudi kwa mlango wa uani. Asubuhi moja nikamkuta amekaa uani hukohuko, ananingoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo umefika wapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza.

"Kaa hapa karibu."

Nikakaa. Akanisikiliza ninavyohema, mpaka nilipotulia kabisa.

"Yangu zamani ilikuwa inarudi upesi kuliko hiyo," akasema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na tukangoja kipite.

Tangu siku ile ananiuliza kila asubuhi, nami siwezi kurudi na jina la mahali tu. Namletea lori lililokwama, akina mama waliowahi kuosha marudio, miombo iliyotoa majani mekundu kabla ya mvua. Yeye ananisahihisha. Duara lile halikuitwa hivyo, liliitwa hivi, na fulani alibaki mle. Naandika anayosema. Mhusika wangu ameshatoka mlangoni, na riwaya imefika sura ya saba.

Kwa hiyo wewe uliye mjini au kijijini, unayeandika na kukwama, jaribu kesho kabla jua halijawa kali. Viatu vyovyote visivyobana vitafaa kuanzia. Nenda polepole, angalia vizuri njiani, na ukirudi mtafute wa kumsimulia. Mimi daktari kaniambia ukweli kuhusu mshua, najua siku hazihesabiki mbele. Kesho nataka nifike mbali kidogo kuliko leo, aipate barabara ambayo hajaisikia bado.