KAZI YA MKUU WA KOMPYUTA

Watu wa kijijini kwangu huniuliza kazi ya mkuu wa kompyuta ni nini. Wengi hudhani ni kutengeneza mashine. Sivyo. Kazi yake ni kutunza habari za watu. Mimi niliifanya kazi hiyo Dar es Salaam mpaka nilipostaafu.

Nilianza chini kabisa, mwaka 1982, baada ya kumaliza kidato cha nne. Kompyuta zilikuwa chache nchini, kwa sababu mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza. Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi za kulishia kompyuta. Kadi moja ilikuwa na safu 80. Kila safu ilibeba herufi moja au tarakimu moja. Tundu likikosewa, mshahara wa mtu ulikosewa.

Kisha nilifundishwa kuendesha mashine yenyewe. Nikasoma masomo ya jioni, nikajifunza kuandika programu. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata, moja baada ya jingine. Ukiiagiza vibaya, itafanya vibaya.

Uzito wa kazi hii niliuona mwaka 1999. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Mwaka 1982 uliandikwa 82. Basi mwaka 2000 ungeandikwa 00, na kompyuta ingeweza kudhani ni mwaka 1900. Fikirini mzee wa pensheni aliyezaliwa mwaka 1930. Kwa hesabu hiyo, mzee huyo bado hajazaliwa! Angelipwaje?

Nchi nyingi zilikuwa zikisahihisha programu zao. Sisi nasi tulikagua zetu mstari kwa mstari, hata usiku. Januari 2000 wazee wetu walilipwa kama kawaida.

Miaka michache baadaye nilifanywa mkuu. Sasa nilipanga matumizi ya fedha, nilichagua wafanyakazi, nilizungumza na wakubwa. Kila jioni niliuliza: nakala ya pili iko wapi? Mkulima mwenye busara haweki mbegu zote katika ghala moja. Na sisi tuliweka nakala nyingine katika jengo la mbali. Moto ukiunguza moja, ya pili ipo.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Intaneti ikawa na kasi zaidi. Lakini wezi nao waliweza kuja kwa njia hiyo hiyo. Ilinibidi nirudi darasani, nikae na vijana wa umri wa wanangu. Nilisoma pamoja nao, na nilifaulu.

Mtoto wako akiipenda kazi hii, wa kike au wa kiume, mhimize asome hesabu na Kiingereza. Siku hizi vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha kompyuta. Lakini uaminifu ataupata kwako nyumbani.

Na wewe msomaji, ukienda ofisini ukaambiwa jina lako halimo katika kompyuta, usiondoke kimya. Kompyuta haijui jina lako mpaka mtu aliandike. Toa karatasi zako, soma jina lako mwenyewe, na uombe litafutwe tena. Kwa hiyo tunza karatasi zako vizuri.