Brashi ya Chyulu

Nimefundisha sayansi hapa Kiboko miaka mingi, na kwa muda mrefu mimea ilikuwa kwangu majina ya kuandika ubaoni. Mukau ni mbao, mgunga ni kuni. Vimaua vinavyochomoza baada ya mvua ya Novemba tuliviita magugu, basi.

Kilichonibadilisha ni picha za rangi za maji za Joy Adamson katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Wengi wetu tunamjua kwa simba wake Elsa na kitabu Born Free cha 1960. Lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea, na kazi hiyo aliianzia huku kwetu. Mwaka 1938 makumbusho hayo, wakati ule yakiitwa Coryndon, yalituma msafara wa utafiti katika vilima vya Chyulu, vilevile ambavyo mvua yake hupita chini ya miamba ya volkano na kutokea kwenye chemchemi zetu. Katika msafara huo alikuwamo Peter Bally, mtaalamu wa mimea, pamoja na Joy, mkewe wakati ule. Bally ndiye aliyemhimiza achore maua. Mmea uliobanwa ukakaushwa hubaki na umbo, ila rangi huupotea. Mchoraji alikuwa na kazi ya kweli. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake.

Mgeni aliona hayo yote katika nchi tunayoambiwa tangu utotoni kwamba ni kavu, haina kitu! Nilinunua rangi na brashi, nikashuka mtoni kwenye migunga ya gome la manjano.

Jua la Kiboko halingoji mtu. Ikifika saa nne rangi inakauka kabla brashi haijavuka karatasi, inaacha mistari isiyofutika. Kwa hiyo naanza alfajiri, nailowesha karatasi pande zote mbili, napaka manjano nyepesi, na ikiwa ingali mbichi naigusa kwa kijani, naziacha zikutane zenyewe. Pale mwanga unapopiga gome sipaki chochote. Weupe ni wa karatasi. Miiba ndiyo iliyonishika zaidi. Inatoka miwili miwili, myeupe, imenyooka. Nilikuwa nimepita chini ya miti hiyo maisha yangu yote.

Sasa somo la mimea naliendesha kwa brashi. Mtoto hachori picha ya kitabuni, anachora tawi lililo mbele yake kabla halijanyauka, kisha anaandika jina la Kikamba, mahali na tarehe. Jina asipolijua anamuuliza bibi yake.

Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hizi rangi zitamlipia karo?"

"Mama, karo siwezi kukuahidi," nilimjibu. "Lakini mwulize mwanao mmea upi mbuzi wako anaukwepa, na kwa nini."

Alimwuliza palepale, na mtoto akamwonyesha mchoro wake: jani lenye utomvu mweupe. Tangu siku hiyo mama huyo hutuletea matawi kutoka shambani kwake. Tunachokosa ni karatasi nzito. Ya daftari hujikunja ikilowa, na kwa mwenye uwezo wa kutuletea nzito, shule yetu iko wazi.