Njia ya Kurudi ya Umeme

Injini ya dizeli haihitaji cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Kwa sababu hii watu wengi hudhani kwamba pikapu ya dizeli ya zamani haina haja kubwa ya umeme. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mwalimu wa hatari. Umeme ndio uizungushao stata. Ndio upashao moto plagi za kupashia kabla injini haijawaka. Na katika pampu nyingi za zamani ndio uishikao wazi valvu ndogo ipitishayo mafuta. Ukikosekana kabisa, gari lenye pampu ya namna hii hukaa kimya hata likisukumwa mtelemkoni.

Haja hii hujulikana Msanzi kuliko Dar es Salaam. Nyanda za Ufipa zi juu, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali. Baridi hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili ya injini kuwa nzito. Hivyo betri hudaiwa kazi kubwa saa ile ile uwezo wake umepungua. Na pikapu ikinyamaza alfajiri, yamkini aliyekuwa akiingojea ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali Sumbawanga.

Nimepata kusimama kando ya pikapu ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa amekwisha nunua betri mpya, kisha stata, kila kimoja kwa shauri la fundi wake, na magunia ya mahindi yaliuzwa kulipia vyote viwili. Hata hivyo stata iligonga mara moja tu na kunyamaza. Fundi wa tatu, kijana, hakuanza na spana. Alianza na swali.

“Shikamoo, mzee. Ukiwasha, taa za mbele hufifia?”

“Marahaba, mwanangu. Hazifiifii hata kidogo.”

Jibu hilo lilimtosha kujua pa kutafuta. Betri dhaifu ingalizifisha taa. Aliipima kwa mita, ikaonyesha volti 12.6, yaani imejaa. Kisha aliweka ncha moja ya mita katika kichwa hasi cha betri, na ya pili katika chuma cha injini, akaomba ufunguo uzungushwe. Hapo mita haipaswi kupita nusu ya volti, ilisoma 4. Waya wa ethi uliounganisha betri na injini ulikuwa umeliwa na kutu chini ya nati yake. Taa zilikuwa na ethi yao katika bodi, ndiyo maana hazikufifia. Waya ulibadilishwa, chuma kikakwanguliwa hadi kung'aa, injini ikawaka.

Umeme ni msafiri asiyeondoka pasipo njia ya kurudi. Watu huutazama waya mwekundu, kwa kuwa ndio uletao. Mweusi husahauliwa, kwa kuwa huishia katika chuma na kutoweka machoni. Kadhalika alternata hulaumiwa upesi. Injini ikizunguka, betri yapasa kusoma karibu volti 14. Ikibaki 12, utazamwe kwanza mkanda, kisha nyaya na fyuzi, ndipo alternata yenyewe ishitakiwe.

Wafipa si wageni wa elimu ya namna hii. Wazee wao waliyeyusha chuma katika malungu, tanuu za udongo zilizopita kimo cha mtu, zilizovuta upepo zenyewe kwa matundu ya chini. Kisha wakakisafisha katika tanuu ndogo kwa mivuo. Kazi hiyo haikufanywa kwa kubahatisha. Ilikuwa na hatua zake, na kila hatua ilikuwa na zamu yake.

Sisi wa vyuoni twaliita jambo hili utafiti, tukalivika joho. Fundi yule alilifanya akiwa amepiga magoti katika vumbi: aliuliza, akapima, akatoa hukumu, kwa taratibu hiyo na si kinyume chake. Kama kipimo kile kingalifanywa kwanza, magunia yale yangalibaki ghalani. Asiyepima hukisia, na gharama ya kisio lake aghalabu hulipwa na mtu mwingine.