Telefoni ya Akron

Ndugu musomaji, kuja tufanye safari. Tunaenda Akron, muji wa Ohio kule Marekani. Usifikiri ni muji wa wakubwa tu. Akron ni muji wa wafanyakazi, sawa vile Likasi ao Kolwezi. Goodyear ilianzia pale mwaka wa 1898, Firestone mwaka wa 1900, na watu walitoka mbali kutafuta kazi ya mipira ya motokari. Wewe uliyekomalia mu kambi ya mine unajua maisha ya namna ile: sirene inalia, watu wanatoka, na siku ya mushahara kuko baba anayepitia kwanza kwa lutuku, na mama anangojea na sufuria tupu.

Tusimame kwanza ku otele ya zamani, jina yake Mayflower. Tarehe 11 Mei 1935, siku ya posho, mutu wa biashara kutoka New York alikuwa pale, Bill Wilson. Biashara yake ilikufa, mufuko ulibaki mwepesi. Alikuwa na miezi mitano bila kunywa. Upande moja alisikia watu wanacheka mu bar. Upande wa pili kulikuwa telefoni na liste ya makanisa. Alikamata telefoni.

Aliita pasteri moja, Walter Tunks. Hakuomba feza. Aliomba amuonyeshe mulevi mwingine wa kuzungumuza naye, kwa sababu alikwisha kuona kama wakati anasaidia mulevi mwenzake, yeye mwenyewe hanywi. Ombi la ajabu, sivyo? Lakini pasteri hakumucheka. Alimupa majina ya watu. Bill akaita huyu, akaita yule, mpaka akafika kwa mama Henrietta Seiberling.

Sasa tuende ku Stan Hywet, nyumba kubwa ya jamaa ya Seiberling. Mama Henrietta alikaa mu nyumba ndogo ya mulangoni. Kesho yake, siku ya yenga, saa kumi na moja ya mangaribi, Doktere Bob Smith aliingia pale. Alikuwa munganga wa kupasua, mikono ikitetemeka. Alisema atakaa dakika 15 tu. Alitoka usiku! Mashauri alikwisha kusikia mengi. Lakini huyu mugeni hakumuhubiri: alimuelezea maisha yake mwenyewe. Doktere alianguka tena mara moja, kisha akakunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku ile inahesabiwa kuwa mwanzo wa Alcooliques Anonymes, ni kusema walevi wasiotajwa jina.

Mwisho, pita ku 855 Ardmore Avenue, nyumba ya Doktere Bob na muke wake Anne. Walevi walipokelewa pale, na asubui walisoma Biblia, zaidi Barua ya Yakobo. Leo wageni wanaitembelea.

Sasa utaniuliza: “Pasteri, mu mukutano wa vile wanafanya nini?” Vitu vyepesi. Watu wanakaa, wanakunywa kahawa. Moja anasema jina yake ya kwanza, anaeleza namna pombe ilimufunga na namna anaishi leo. Wengine wanasikiliza, hawamukate maneno. Hakuna feza ya kuingia. Kitunga kinapita, mwenye kuwa nacho anatia. Sharti ni moja tu: kutamani kuacha pombe. Maneno ya mule hayatoke inje. Mukutano wa kufunguliwa, kila mutu anaweza kuingia. Wa kufungwa ni wa wenye shida ile tu. Kwa jamaa za walevi, kuko Al-Anon tangu 1951.

Ukitaka kikundi, uliza ku opitali, ku paroisse, kwa pasteri, na zaidi kwa mutu unayejua aliacha kweli. Siku ya kwanza usiende peke yako, omba mwenzako akusindikize. Kaa nyuma, usikilize, hawakulazimishe kusema. Kisha rudia. Mara moja haitoshe, sawa vile chakula ya jana haishibishe leo.

Na kama mu kité yako hakuna kikundi? Akron ilianza na watu wawili. Tafuta mwenzako moja, mupange siku na saa, musiibadilishe. Lakini angalisho: mwenye kunywa sana kila siku asikatishe gafula peke yake. Akianza kutetemeka sana, kuona vitu visivyokuwa ao kuanguka kifafa, mupeleke ku opitali mbio. Kukatisha namna ile kunaweza kuua.

Wazee wa kanisa, neno hili ni letu. Siku ile Bill angeambiwa tu “tubu, kisha urudi”, labda angeingia mu bar. Sisi tunajua kufukuza mulevi ku meza ya Bwana. Tunajua pia kumufungulia chumba? Viti kumi, taa, birika ya chai, siku moja ya juma. Jina yake isitajwe ku mimbara, hata mu maombi.

Na wewe kijana ambaye baba anarudia usiku akipiga mulango: uliza sasa majina ya watu walioacha, uyaandike, uyaweke. Siku moja asubui, mikono ikitetemeka, baba atakuuliza: “Mwanangu, nifanye nini?” Siku ile uwe na jina ya kumupa.