Miji ya Mchezo na Mji wa Tabora

Mchezo ni shule isiyo na kengele. Mtoto achezaye bao hujifunza hesabu bila ya kuambiwa kuwa anahesabu, na hujifunza subira kila mara aionapo hasara ya kuitawanya nyumba yake kabla ya wakati. Kwa hiyo si haki kuudharau mchezo kwa kuwa ni mchezo, wala si busara kuuamini kwa kuwa hufurahisha. Jambo lirudiwalo mara mia katika furaha huingia moyoni likakaa kama tabia, na tabia hiyo huenda na mtu hata baada ya mchezo kwisha.

Katika zama hizi uko mchezo mmoja wa kompyuta ulioenea duniani. Jina lake ni Civilization. Ulitoka Marekani mwaka 1991, na mtungaji wake ni Sid Meier. Tangu hapo umetungwa upya mara kadhaa, hata toleo la saba likatoka mwaka 2025. Huchezwa kwa zamu kama bao. Mchezaji huanza katika mwaka wa 4000 kabla ya Kristo na kundi moja la walowezi, na dunia yote mbele yake imefunikwa kiza. Kazi yake ni kuanzisha mji, kisha wa pili na wa tatu, hata apate kuwa na dola. Mchezo huu waweza kuchezwa popote penye kompyuta. Lakini pa kuupima ni pachache panapofaa kuliko Tabora, kwa kuwa pale miji ilianzishwa kweli, na gharama yake ililipwa na watu wenye damu.

Wachezaji hodari wa toleo la sita, lililotoka mwaka 2016, hupatana juu ya neno moja: ushindi wa mwisho hupandwa mwanzo. Anayekaa na mji mmoja akiupamba kwa majengo, hali jirani yake anatuma walowezi kila upande, ataamka siku moja akute ardhi nzuri yote imekwisha kushikwa. Basi yapasa kupanuka mapema. Walakini kupanuka kuna masharti. Mji uliojengwa kando ya maji matamu hupewa makazi ya watu watano tangu siku ya kwanza, na uliojengwa mahali pakavu hupewa ya wawili tu. Kila kundi la walowezi hupunguza mtu mmoja katika mji ulioliandaa, na kila kundi lifuatalo huwa ghali kuliko lililotangulia. Miji haiwezi kubanana. Na barabara za mwanzo hazijengwi kwa amri ya mfalme. Hutokea zenyewe chini ya miguu ya wafanya biashara wapitao kati ya mji na mji. Hayo ni mafunzo mema, na aliyeyatunga aliifikiri dunia kwa makini.

Mtu akiyachukua masharti hayo akasafiri nayo katika njia kuu ya zamani, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, ataona kuwa mengi ni ya kweli. Njia hiyo ilikuwa ndefu na yenye kuchosha. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, tarehe 7 Novemba. Kabla ya kufika, msafara ulikuwa umekwisha kupita Ugogo, ambako maji ni haba, na baada ya Ugogo ulipita Mgunda Mkali, pori ambalo jina lake linatosha kuwa maelezo. Mtu aliyetoka katika pori hilo akaona mashamba ya Unyamwezi hakuhitaji kuambiwa kwamba hapo ndipo pa kutua mzigo. Wapagazi walipumzika, vyakula vilinunuliwa, na njia ziligawanyika: moja kwenda magharibi hata Uvinza penye chumvi na Ujiji penye ziwa, nyingine kwenda kaskazini hata Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi kuelekea nchi za pembe na shaba.

Hapo, karibu na mwaka 1852, wafanya biashara kutoka pwani na Unguja walianza kukaa kwa makazi ya kudumu. Miongoni mwa wakubwa wao walikuwa Snai bin Amir el-Harthi, na Musa Mzuri, Mhindi aliyetoka Surat. Visima vilichimbwa, mashamba yakalimwa, na tembe kubwa zenye nyua na ghala zikajengwa mbalimbali, kila moja na ardhi yake. Wenyeji wengi husema kuwa jina la Tabora limetokana na matoborwa, yaani viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa ili vikae muda mrefu. Ikiwa ndivyo, basi mji huu umepata heshima ambayo miji mingi haikuipata: umeitwa kwa chakula cha msafiri, na jina lake peke yake ni somo juu ya mahali pa kuanzisha mji.

Hata habari ya barabara ni kweli, lakini hapa mchezo wahitaji kusahihishwa kidogo. Walioifungua njia hiyo hawakuwa wageni peke yao. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao tangu karibu na mwaka 1800, kabla wafanya biashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Njia iliyokuja kuitwa njia ya Waarabu ilikanyagwa pia, na mara nyingi kwanza, na nyayo za Wanyamwezi, na mabega yao ndiyo yaliyochukua nguo, shanga na waya kwenda bara, na pembe kurudi pwani.

Kosa kubwa zaidi la mchezo li katika jambo ambalo mchezaji halioni kuwa ni fundisho. Katika toleo lile la sita, mpelelezi wa mchezaji akikuta kijiji kidogo porini huingia, hupewa dhahabu au elimu au watu, na papo hapo kijiji hutoweka kwenye ramani. Hakuna aliyeuliza jina lake. Na katika sehemu ambazo hakuna jicho la mwenye dola, huzuka makambi ya watu wakali wasio na mfalme wala historia, ambao jina waliloitwa na mchezo lina tafsiri moja iliyo karibu sana katika Kiswahili: washenzi. Kazi yao ni kuzuia walowezi, na malipo ya kuwaua ni dhahabu. Mchezaji hufunzwa, bila ya neno moja la mahubiri, kwamba ardhi ambayo yeye hajaiona ni ardhi tupu, na kwamba aliyeko huko ni zawadi au ni kikwazo.

Neno washenzi si geni katika njia ya Tabora. Watu wa pwani walilitumia kwa watu wa bara bila ya haya. Lakini hao walioitwa hivyo walikuwa na watemi, na watemi walikuwa na makao yao. Na neno ikulu, ambalo taifa zima hulitaja leo kwa heshima ya Rais, limetoka katika lugha za huko huko Unyamwezi na Usukuma. Tena, mambo ya njia yalikuwa kinyume kabisa cha mambo ya mchezo. Mgeni akifika kijijini hakupokea dhahabu. Yeye ndiye aliyetoa. Alilipa hongo ya nguo na shanga ili apite, anywe maji, na asiibiwe. Wasafiri wa Ulaya waliinung'unikia sana hongo katika vitabu vyao, kama kwamba ni unyang'anyi. Lakini mwenye kisima katika nchi kavu anayo haki ya kuuliza nani anakunywa.

Waliokaa Kaze mwanzoni walilijua hilo. Walikaa kwa ruhusa ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mmoja wa wakubwa wa biashara, Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi huyo, na kwa ndoa ile mgeni akawa mkwe. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba ugeni una mwisho, na atakaye kuendelea kukaa sharti aingie katika wajibu wa wenyeji. Kwa muda wa miaka michache Unyanyembe ilipata faida ya hekima hiyo. Mji ulikua bila ya boma la kutisha, kwa sababu boma lake lilikuwa mapatano.

Fundikira alipokufa, mahali pake palishikwa na Mnywa Sele. Huyu aliona mali nyingi inaingia katika nchi yake na kutoka, akaweka kodi juu ya bidhaa. Katika mchezo, mchezaji afanyaye hivyo husifiwa kuwa ni mtawala hodari. Lakini wafanya biashara hawakutaka kulipa. Walimwondoa Mnywa Sele kwa bunduki na kumweka Mkasiwa, ambaye walitumaini atakuwa laini mikononi mwao. Kwa dhahiri walishinda. Lakini mtemi aliyefukuzwa hakutoweka kama kijiji cha mchezo. Aliingia porini na wafuasi wake, akashambulia njia, na misafara ikawa mashakani. Snai bin Amir, aliyekuwa nguzo ya Kaze, aliuawa katika vita hivyo. Mnywa Sele alishikwa na kuuawa mwaka 1865, baada ya miaka mingi ya hasara ambayo kodi isingaliifikia hata kwa nusu.

Wala mafunzo hayakuwa yamekwisha. Magharibi yake alikuwa amezuka mtu mwingine, Mirambo, mtemi wa nchi ndogo ya Uyowa. Huyu alipanuka kama mchezaji hodari apanukavyo: mapema, kwa haraka, na kwa kushika mahali panapobana. Kwa jeshi la ruga-ruga alikusanya nchi moja baada ya nyingine hata akaikalia njia ya Ujiji, na mwaka 1871 akauzuia msafara uliokuwa unapita. Wakubwa wa Tabora wakaenda kumpiga, na Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akaenda pamoja nao. Walivamia mji wake mmoja, wakateka mali, wakarejea na furaha. Njiani wakaviziwa na kuvunjwa. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, shujaa wa Waarabu wa pale, akauawa. Miaka michache nyuma, kwa wengi wa mji ule, Mirambo alikuwa jina lisilo na maana. Alitoka katika kile kiza cha ramani ambacho wao walikidhania tupu.

Hata hivyo si kweli kwamba Mirambo alikuwa na jibu kamili. Alipanua nchi kuliko alivyopanua mapatano. Alikufa Desemba 1884, na dola yake, iliyokuwa imefungwa kwa kamba ya nafsi yake, ililegea upesi mikononi mwa mrithi wake, Mpandashalo. Waliotunga mchezo walilifahamu jambo la namna hii, kwa kuwa nyongeza iliyotoka mwaka 2018 iliweka kipimo cha uaminifu: mji ulio mbali na moyo wa dola waweza kuasi na kwenda zake. Kushika ardhi ni kazi ya siku. Kuwashika watu kwa ridhaa yao ni kazi ya umri.

Liko neno moja zaidi, nalo ni zito. Katika mchezo, mji utoao walowezi hupungua mtu mmoja, na mchezaji huiona tarakimu ikishuka kisha akaisahau. Katika Unyanyembe wengi wa waliolima mpunga na ngano za mabwana walikuwa watumwa, walioletwa kwa njia ile ile iliyoleta pembe. Kila mmoja wao alikuwa ni tarakimu iliyoshuka katika kijiji fulani cha mbali, na kijiji hicho hakikusahau. Chakula kilichompa Tabora jina lake jema hakikulimwa chote na mikono huru, na mtu aupendaye mji huo hana ruhusa ya kulificha hilo.

Je, mchezo huo upigwe marufuku? Hasha. Wenyewe umeanza kujisahihisha: katika toleo la mwaka 2025 yale makambi yasiyo na jina yamegeuzwa kuwa makabila huru, na mchezaji aweza kuyafanya rafiki asipotaka kuyavunja. Mwalimu mwenye busara angemwachia kijana wa Tabora acheze, kisha angemchukua mpaka Kwihara, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na kumweleza ardhi ile ilikuwa chini ya nani kabla ya msafiri yeyote kuwasili. Angemwonyesha miembe mikubwa ya mji, na reli iliyofika mwaka 1912 ikifuata takriban njia ya wapagazi, kwa kuwa maji na chakula vilikuwa bado mahali pale pale. Halafu angemwongezea sharti moja juu ya masharti ya mchezo: kabla ya kuuliza kama mahali pana maji matamu, uliza maji hayo ni ya nani.

Walioanzisha Kaze waliuliza, wakakaribishwa. Waliowafuata waliacha kuuliza, na moto wa mwaka 1871 ukawajibu.