Chumvi ya Kitum

Tuliuchagua Elgon kwa sababu Kilimanjaro ilitushinda bei. Tulikuwa wanafunzi watano, na nauli ya matatu kutoka Kitale hadi karibu na lango la Chorlim tuliimudu. Tulipewa askari mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Mzee wa Kisabaot aliyetuongoza alibeba fimbo na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, basi.

Nilitarajia mlima wenye ncha. Kumbe volkano ile iliyozimika zamani imejilaza tu, nusu Kenya nusu Uganda, hata ukipanda hujui unapanda mpaka pumzi ikukatike. Tulipita mitarakwa na podo, mbega wakituchungulia, kisha baridi na lobelia ndefu kutuzidi kimo. Kileleni Koitobos, mita 4,222, ukungu ulitunyima kila kitu. Mimi sikusikitika sana. Nilikuwa nalisubiri pango.

Kitum tulilifikia siku ya tatu, tukishuka.

"Zimeni tochi, wanangu," mzee akasema.

Giza lile lilikuwa na harufu ya popo. Alipowasha yake, ukuta mzima ulionekana umechanjwachanjwa. Ni pembe za tembo. Huingia usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, wakabandua mwamba na kuusaga kwa magego wapate chumvi. Mzee alisema wazee wake waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao, na ng'ombe nao wakiramba kuta.

"Tembo na ninyi, nani alikuja kwanza?" nikauliza.

"Sisi tuliwafuata."

Akabandua kipande, akanipa. Nikaramba. Kilikuwa kichungu kuliko chumvi ya duka. (Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1980, kisha 1987, wageni waliozuru Kitum walikufa kwa homa ya Marburg. Nilijikuta nimeufunika mdomo kwa kiganja.)

Majangili walikuwa wamewamaliza tembo wengi, na mzee hakutuahidi kitu. Tulilala kambini bila kusikia hata tawi likivunjika. Alfajiri tukarudi njia ya pangoni kutafuta kofia ya mwenzetu. Alama za viatu vyetu vya jana zilikuwa zimefutika chini ya nyayo pana kama sinia. Mzee akainama, akagusa kinyesi kwa mgongo wa mkono.

"Bado kina moto," akasema, akatuashiria tusimame.